Damu ya Mama Haikai

Jumamosi, Machi 1995. Homa Bay, saa tisa alasiri. Joto kali, hakuna upepo. Mawingu yamejikusanya juu ya ziwa tangu asubuhi lakini mvua hainyeshi.

Naogopa.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu nimelikwepa kwa wiki mbili. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanawake, daftari juu ya goti. Ndani, kitanda cha nne kutoka mlangoni, damu yangu inaingia kwa mama yangu tone baada ya tone. Sista amenitoa nje kwa sababu nilikuwa nikihesabu matone kwa sauti. Ameniambia, "Wewe ni mtu wa maabara, hii ya kuhesabu ni kazi yangu. Toka ukae."

Basi nimekaa.

Mama anaitwa Plista. Anaishi Ndhiwa, kwenye boma alilobaki nalo baba alipofariki. Analima njugu na mtama, na Jumapili yeye ndiye anayepiga ngoma kanisani. Mimi nafanya kazi kwenye maabara ya kituo kidogo cha afya upande wa Migori, chumba kimoja, hadubini moja, mwaka wa tisa huu. Mke wangu Robi, mama wa mtoto wetu Awuor, ni Mkuria kutoka karibu na Isebania. Yeye hajui Kijaluo vizuri, mimi Kikuria ndiyo kabisa, kwa hiyo nyumbani kwetu ni Kiswahili. Hata shajara hii naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo mimi na yeye tunaambiana ukweli. Wakati mwingine huisoma. Hii ataisoma, na sitamficha kitu.

Mwaka jana mwezi wa nane nilienda kanisani na mama, nikaona anaacha kupiga ngoma katikati ya wimbo. Aliweka viganja juu ya ngozi ya ngoma kana kwamba anasikiliza kitu, kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Nilipomuuliza alisema mikono imezeeka. Nilivuta kope ya chini ya jicho lake nikaona ni peupe. Wiki iliyofuata nilimtoboa kidole. Kiwango cha damu: nane. Mwanamke wa umri wake anatakiwa kuwa na kumi na mbili hivi.

Nikafanya kile kila mtu wa kazi yangu anachofanya huku kwetu. Nilimpa dawa ya minyoo ya safura, nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia ale maini na mboga za kienyeji. Baada ya miezi miwili ikawa saba na nusu. Nikaongeza vidonge. Mwaka mpya ulipoingia ikawa sita.

Nilikasirika. Naandika hili polepole kwa sababu linauma. Nilimwambia mama, mbele ya Robi, kwamba anatupa dawa. Nilifungua kopo lake nikahesabu vidonge vilivyobaki, nikakuta hesabu iko sawa kabisa, na bado sikuomba msamaha. Nilisema labda anavitema. Mama alifunga kopo lake, akaliweka kwenye mfuko, akamuuliza Robi kama kuna maji ya kuoga.

Nilimpima damu mama mara tatu.

Mkojo sikumpima hata mara moja.

Wiki mbili zilizopita alikuja kwetu Migori kukaa, kwa sababu hata mtoni hawezi tena kufika bila kupumzika mara tatu njiani. Alikuwa anajikuna. Si kujikuna kwa kawaida. Alichukua gunzi la mahindi akawa anajisugua nalo miguu na mgongo mpaka ngozi ikatoa majimaji. Chakula alikisukuma kando, akasema kina ladha ya msumari. Alipopiga mswaki alitema damu. Jumatano hii asubuhi Robi aliniita nje, nyuma ya nyumba.

"Baba Awuor," alisema, "usikasirike. Mdomo wa mama unanuka mkojo."

Nilikasirika. Nilimwambia hayo si maneno ya kusema juu ya mtu mzima. Yeye hakubishana. Alinitazama tu, halafu akasema, "Wewe ndiye unajua mambo ya damu. Mimi nimekuambia chenye pua yangu imesikia."

Siku hiyo nilienda na mama kazini. Nilichukua tone la damu yake, nikalipaka kwenye kioo, nikalikausha, nikalitia rangi, nikainama kwenye hadubini.

Nilikuwa najua nitakachoona. Mtu aliyeishiwa madini ya chuma, chembe zake nyekundu huwa ndogo, zimefifia katikati, kama sahani ambazo rangi imebanduka. Nimeziona mara elfu. Za mama hazikuwa hivyo. Zilikuwa za ukubwa wa kawaida na rangi yake ilikuwa nzuri. Zilikuwa chache tu, zimeachana kama nyumba za mashambani. Na nyingi kati yake hazikuwa na ukingo laini. Zilikuwa na meno pande zote, kama vifuniko vya soda.

Nilijiambia nimekausha vibaya. Kioo kikikawia kukauka, chembe nzuri zinaweza kujikunyata zikafanana hivyo. Kwa hiyo nikajitoboa mimi mwenyewe, nikatengeneza vioo viwili kwa pamoja, kimoja cha kwangu na kimoja cha mama, nikavipepea kwa gazeti lile lile, dakika zile zile. Zangu zilikuwa mviringo na laini. Zake zilikuwa na miiba.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, gunzi lake mkononi, ananitazama mgongoni. Aliuliza, "Kuna nini humo?" Nikasema, "Bado naangalia, mama."

Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza nilifanye. Mimi na mama damu yetu ni ya kundi moja, O, kwa hiyo haziwezi kugombana. Nilitoa damu kidogo mkononi mwake na kidogo mkononi mwangu, nikazizungusha kwenye ile mashine yetu ya mkono mpaka chembe zikatuama chini na maji ya manjano yakabaki juu. Kisha nikabadilishana. Chembe za mama nikazitia kwenye maji ya damu yangu. Chembe zangu nikazitia kwenye maji ya damu yake. Nikangoja. Nikatazama.

Chembe za mama zilikuwa zinapoteza miiba. Si zote, lakini nyingi. Moja baada ya nyingine zilikuwa zinarudi mviringo, kama mtu aliyevuliwa mzigo.

Zangu zilikuwa zinaota miiba.

Nilirudia. Nikarudia tena. Shida haikuwa kwenye chembe za mama. Mama anatengeneza chembe nzima kama za mtu yeyote, ila amezitia kwenye maji yenye sumu. Kitu chochote kizuri ukikitia humo kinaharibika, hata mimi.

Ndipo nilipokumbuka mkojo. Nilimpa kichupa. Sikuwa na vile vijiti vya kupimia, vilikuwa vimeisha, kwa hiyo nikauchemsha kwenye moto kama tulivyofundishwa chuoni. Uliganda mweupe kama ute wa yai, ishara kwamba figo zinavuja.

Nilikaa chini. Mtu alibisha mlango, sikufungua.

Robi alikuwa ameisikia sumu hiyo kwa pua yake.

Siku iliyofuata nilimleta Homa Bay. Daktari aliyetupokea ni mwanamke kijana kutoka Meru, mfupi, anaongea polepole. Alimpima presha mama, akabadilisha mkono akapima tena, na mara ya pili hakunisomea namba, alinionyesha tu. Walimpima yurea kwenye damu, uchafu ambao figo hutakiwa kuutoa. Ilikuwa juu sana. Damu yenyewe sasa ilikuwa nne. Daktari alinitoa nje ya pazia.

"Umempa vidonge vya kuongeza damu miezi mingapi?"

"Saba, daktari."

"Na wewe ni mtu wa maabara."

Nilimweleza kuhusu vioo vyangu. Nilidhani atacheka. Hakucheka, aliniuliza maswali, tena mengi, halafu akaketi kwenye ukingo wa meza.

"Sikiliza," alisema. "Figo ndiyo hutuma ujumbe kwa uboho wa mifupa kwamba damu itengenezwe. Figo za mama zimekwisha nguvu, ujumbe hautoki wa kutosha. Hiyo ndiyo sababu kubwa. Lakini kuna hii nyingine, na wewe umeiona kwa macho yako. Ule uchafu ambao ungetoka na mkojo umebaki kwa damu. Chembe zinaogelea humo mchana na usiku. Chembe nyekundu ikiwa na bahati inaishi karibu miezi minne. Kwa mama yako haifiki. Inachakaa mapema, inakufa. Na uboho wenyewe umelewa hiyo sumu, kwa hiyo hata ujumbe kidogo ukifika, hausikii vizuri."

"Na damu ya fizi?"

"Vile vipande vya kugandisha damu pia vimelewa. Havishikani. Anapoteza kidogo kidogo, pengine hata tumboni, na hamuoni."

Niliuliza kama sumu yenyewe ni hiyo yurea. Akasema yurea ndiyo wanayoweza kuipima, lakini haiko peke yake. Kuna nyingine nyingi, zingine hata hazijulikani vizuri. "Hiyo yurea ni kama moshi," alisema. "Inatuonyesha kuna moto."

"Kwa hiyo vile vidonge nilivyompa?"

"Uliuleta mzigo mpaka mlangoni, na ndani hakuna mtu wa kuupokea."

Kisha nikamuuliza lile swali lingine, kama dawa za maumivu zinaweza kuua figo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimpelekea mama dawa za maumivu ya mgongo, kila mwisho wa mwezi, kopo zima, na kujisikia mtoto mwema. Daktari alichukua kalamu. "Presha peke yake inatosha kuua figo," alisema, akaandika kitu kwenye faili. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Nadhani nitaishi na hiyo hapana ambayo hakuisema.

Halafu akasema lazima aongezewe damu, kwa sababu moyo unakimbia na hautaweza kukimbia hivyo siku nyingi. Mfuko mmoja tu, tena polepole, kwa sababu mwili wake hautoi maji na ukimjaza haraka atazama ndani yake mwenyewe. Na damu ya akiba hakuna. Wanataka ya ndugu. "Wewe ni O," alisema. "Tukupime virusi leo, ukiwa sawa tukutoe Jumamosi."

Nilisema sawa. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua.

Sasa naandika lile ambalo sijawahi kuliandika hata hapa.

Mwaka jana, mwezi wa pili, nilimtoa damu mgonjwa mmoja, dereva wa lori aliyekuwa amekonda mpaka mishipa haionekani. Alishtuka, mkono wake ukaruka, sindano ikapita kwenye glavu na kuingia kwenye kidole changu. Niliosha. Nilikamua. Nilimpima yule mtu kama daktari alivyoagiza, na jibu lake niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, lilikuwa lile baya. Kisha nikafunga daftari na sikumwambia mtu yeyote. Sikumwambia Robi, na wakati huo alikuwa na mimba ya Awuor, ndiyo kwanza imeanza kuonekana.

Vipimo viko kwenye kabati langu. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Kila wiki nawaita watu ndani, nawaambia wakae, nawapa majibu yao na kuwaambia wajikaze. Mimi mwenyewe zaidi ya mwaka nimeshindwa kujitoboa kidole kwa jambo hilo.

Jana Robi alifika kutoka Migori, mtoto mgongoni. Nilimkuta nyuma ya wodi, pale kina mama wanapoanika nguo za wagonjwa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitaweza. Kidole, dereva, mimba. Nilimwambia wamekwisha chukua damu yangu tangu juzi na jibu linakuja, na kwamba kama ni baya basi mama hapati damu, na si mama peke yake.

Alimshusha Awuor kutoka mgongoni. Akampakata. Akamtazama kwa muda mrefu, kichwa mpaka miguu, kama anayemkagua kama kuna kitu kimepungua.

"Mwaka mzima," alisema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa unanitazama nikimnyonyesha huyu."

"Ndiyo."

Sikutarajia anipige na hakunipiga. Aliondoka akaenda mpaka kwenye ua, akarudi. Machozi yalikuwa yanashuka lakini sauti ilikuwa kavu. "Mimi na wewe tutaongea, na haitakuwa leo. Leo nenda ukae mahali huyo mtu wa maabara anaweza kukupata. Ukiwa nayo, tutajua kwamba tunayo. Ukiwa huna, mama anapata damu. Nenda."

Huyo mtu wa maabara ni Jared. Tulisoma chuo kimoja. Leo asubuhi nilikuwa kwenye mlango wake kabla hajafungua, Robi akiwa chini ya ukuta na mtoto. Jared aliingia ndani bila kunisalimia vizuri, nikafahamu kwamba jibu liko tayari na yeye ndiye anayetakiwa kulisoma. Nafahamu jinsi mtu anavyotembea akiwa na jibu. Mimi mwenyewe hutembea hivyo.

Alikawia. Nilisikia droo ikifunguliwa, ikifungwa. Robi alikuwa akimwimbia Awuor wimbo wa Kikuria kwa sauti ya chini, na nikagundua kwamba anarudia mstari mmoja tu, mstari mmoja tu, hauendi mbele.

Jared alisimama mlangoni, anafuta mikono.

"Kunja mkono wa shati," alisema.

Sikuelewa. Alirudia, "Kunja mkono wa shati, bwana, tukutoe damu. Mama anangoja."

Robi aliketi chini kabisa, kwenye vumbi, akamkumbatia mtoto mpaka mtoto akalia. Naye atapimwa Jumatatu, ili sote tulale. Mimi nilifurahi, nakiri, nilifurahi kwa ajili yangu mwenyewe, mpaka nilipolala kitandani na kuona mfuko unajaa. Hapo ule woga wa mama ukarudi, na sasa una nafasi zaidi kwa sababu ule mwingine umeondoka. Mfuko ulikuwa mwekundu mweusi, mzuri, una joto langu. Niliwaza chembe zangu zote humo ndani, laini, mviringo, hazijui zinapelekwa wapi.

Mimi najua. Nimewahi kuziona zikifika.

Sista ananiita. Naacha hapa.

Saa kumi na moja. Nimerudi kwenye benchi. Mikono yangu inanuka sabuni ya hospitali. Nitajaribu kuandika kama ilivyotokea.

Sista aliniita kwa sababu mfuko ulikuwa umebaki kidogo na mama alikuwa ananiuliza. Hapumui kwa shida, moyo umetulia kidogo, hajavimba. Hilo la kwanza. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama aligeuza uso kwenye dirisha, akaongea Kijaluo, sauti ndogo ili mgonjwa wa pili asisikie.

"Wuoda, mwanangu, niambie tu. Ni ule ugonjwa?"

"Ugonjwa gani, mama?"

"Ule wa baba yako mdogo."

Baba alipofariki, mdogo wake ndiye aliyemrithi mama, kama desturi yetu ilivyo. Miaka mitatu iliyopita naye alikufa, amekonda, anahara, na hakuna aliyetaja jina la kilichomuua. Nikamtazama mama na ghafla nikaona miezi yote hii kwa macho yake. Kumbe ndiyo maana ana kikombe chake peke yake, kile cha bati chenye ukingo wa bluu, na hataki kioshwe pamoja na vingine. Ndiyo maana alikuja na kipande chake cha sabuni. Na ndiyo maana tangu Awuor azaliwe, huu mwezi wa tisa, bibi yake hajawahi kumpakata hata siku moja. Husema mikono inauma. Robi aliamini ni kwa sababu mtoto ametoka kwenye tumbo la Mkuria. Hakuwahi kulalamika, lakini alikuwa amelimeza hilo na nilikuwa nimeliona. Na mimi nilinyamaza, kwa sababu kidogo nami niliamini hivyo hivyo.

"Si huo ugonjwa," nilimwambia. "Walikupima. Ni figo, mama."

"Figo?"

"Figo."

Aligeuka. Sijui kama nitawahi kuusahau uso huo.

"Figo tu?" alisema, akacheka. Alicheka mpaka sista akaja kuangalia sindano isichomoke. "Miezi yote hii, figo tu? Muite nyar Kuria, mke wako. Mwambie aniletee mtoto."

Watoto hawaruhusiwi wodini. Sista alitazama upande mwingine. Robi aliingia, amefunga leso upya, hajui anaitiwa nini. Mama akaongea naye kwa kile Kiswahili chake cha sokoni.

"Mama Awuor, leta mtoto. Mimi nilikuwa naogopa magonjwa yangu itashika yeye. Kumbe ni figo. Leta."

Robi alisimama hivyo. Kisha akainama, akamlaza Awuor kwenye mkono wa mama usio na sindano. Mtoto alimshika bibi yake pua. Mama akafunga macho. Robi alinitazama juu ya kichwa chake, na kwenye jicho lake kulikuwa na mambo mengi. Mengine yananihusu na bado hayajaisha.

Ningeweza kuliacha hapo. Nilitaka kuliacha hapo. Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu mwaka jana, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba figo si "tu."

Nikafikiria lile kopo la vidonge, na jinsi nilivyohesabu mbele yake. Sikutaka kumdanganya tena kwa kunyamaza.

Nikamwambia. Nilianza kwa kumwambia kwamba hakuwahi kutupa dawa na kwamba nilimkosea. Alipunga mkono kama anayefukuza inzi, lakini nikaona limemfikia. Kisha nikamweleza, kwa Kijaluo, kadiri nilivyoweza, na Robi nikimpa Kiswahili chake kando. Kwamba figo ndizo zinazosafisha damu, na zake zimechoka. Kwamba uchafu umebaki, na uchafu huo ndio unaomuwasha ngozi, ndio ladha ya msumari. Kwamba mwili wake unatengeneza damu kidogo, na hiyo kidogo uchafu unaiua kabla ya siku zake. Kwamba hii ya kwangu iliyoingia leo itampa pumzi, lakini inaogelea kwenye maji yale yale.

Alisikiliza. Awuor alikuwa anavuta kamba ya shanga shingoni mwake.

"Kwa hiyo yako pia itakufa."

"Ndiyo, mama. Mapema kuliko inavyotakiwa."

"Itakaa siku ngapi?"

"Sijui. Wiki kadhaa. Pengine zaidi kidogo. Si nyingi."

Tone la mwisho liliteremka kwenye mpira, tukalitazama sote watatu. Kisha mama alisema, kwa sauti ya mtu anayepanga kazi ya kesho:

"Basi siku hizo tusizimalizie hapa."

Robi aliniuliza amesema nini. Nilimtafsiria. Alitoka nje haraka.

Sasa niko hapa na daftari. Mfukoni mwa shati nina barua ya daktari. Ameandika kwa hospitali ya Nairobi, wana mashine ya kusafisha damu. Amenieleza vizuri. Inasaidia. Uchafu ukipungua, hata chembe nyekundu zinapata nafuu ya kuishi. Lakini ni kurudi kwenye hiyo mashine kila wiki, tena na tena, na kuishi huko karibu nayo, mbali na shamba na kanisa na kila mtu anayemjua. Na hata hivyo hakuna aliyeniahidi kitu. Anataka jibu Jumatatu. Alinipa barua mimi, mkononi mwangu, kana kwamba jibu ni langu.

Mama bado hajui kuhusu barua. Nilipomweleza yale mengine sikuitaja. Nilijiambia amechoka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nataka aende Nairobi, na niliogopa kumuuliza kwa sababu anaweza kukataa.

Kumbe na hilo pia ni kumhesabia vidonge.

Nimeamua. Kesho akishakunywa uji nitamsomea barua yote, neno kwa neno. Nitamwambia mashine ni nini na inadai nini. Nitamwambia pia nyumbani kutakuwaje bila hiyo mashine, hata zile sehemu ninazojua na ningependa kutozijua. Robi atakuwepo. Nikimaliza nitanyamaza, na sitamsukuma kwa macho.

Mvua imeanza, matone makubwa, yanapiga mabati. Mama amelala, sista ameniruhusu nichungulie. Nimemvuta kope ya chini taratibu, kwa kidole kile kile, bila kumwamsha. Pana wekundu kidogo.

Kesho atanijibu. Naogopa akisema Nairobi, na naogopa akisema nyumbani.